Nzi wa Manyoya kwa Mito ya Magharibi

Manyoya ya kutengenezea nzi wa kuvulia samaki hayaguswi na maji ya moto. Nililijua hilo baada ya kuharibu majogoo saba, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nanyonyoa kuku sokoni Kariakoo, chini ya lile banda la chuma lililojengwa zamani za Mjerumani. Mchinjaji alikuwa mwanamume, kama inavyopasa, na sisi wanawake tulikaa nyuma yake na madebe ya maji yanayochemka. Kuku anaingia debeni, unavuta pumzi kumi, anatoka, manyoya yanachomoka yenyewe. Asiyetumia maji ya moto tulimwona mvivu au hamnazo. Kuku wa hoteli, wa Wahindi, wa majumba ya Wazungu, wote walipita mikononi mwetu namna hiyo, na mimi nilikuwa mwepesi kuliko wenzangu. Sisemi kwa kujisifu. Ndivyo ilivyokuwa.

Mume wangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja asiye na mke, aliyekaa Upanga karibu na bahari. Sisi tulipanga chumba kimoja hapo hapo Kariakoo, mimi, yeye na binti yetu wa miaka mitano. Jioni moja akaja kutoka kazini, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Bwana anataka manyoya ya shingo ya jogoo," akasema. "Mekundu na ya kijivu. Mengi."

"Anashona mto?"

"Anatengeneza nzi."

Nikamwambia, "Nzi wamemwishia huko Upanga? Aje sokoni nimfungie gunia."

Akacheka, na kucheka kukamletea kikohozi, akageukia ukutani mpaka kikaisha. Kisha akanieleza. Bwana wake alikuwa anamaliza kazi, anarudi Ulaya. Kabla ya kuondoka alitaka kwenda kuvua kwenye mito ya magharibi, kule juu milimani, ambako Wazungu wa zamani walimwaga samaki wa kwao, wa madoadoa. Samaki hao hawavuliwi kwa minyoo. Unafunga manyoya kwenye ndoana mpaka yafanane na nzi, unayarusha juu ya maji kwa fimbo ndefu nyembamba, na samaki anadanganyika. Bwana mwenyewe hakuwahi kuvua hivyo, wala mito ile hakuijua. Alikuwa na kitabu, na ramani aliyoitandaza juu ya meza ya chakula hata mume wangu akakosa pa kuweka sahani.

"Na wewe unatakiwa huko kufanya nini?"

"Nitapika. Halafu Bwana ana goti bovu, hawezi kusimama kwenye mawe. Mimi nitaingia mtoni na wavu, nimpokee samaki."

Nilimtazama mgongo.

Alikuwa amekwisha kuanza kukohoa tangu mwezi wa mfungo. Mwanzoni akasema moshi wa jiko. Bwana alipowekewa jiko jipya lisilo na moshi, akasema vumbi la njiani. Leso zake alizifua mwenyewe, na mwanamume anayefua leso mwenyewe huku ana mke nyumbani ana jambo. Jioni hiyo nilingoja aende msalani, nikaitoa moja mfukoni mwa koti lake. Ilikuwa na damu, si nyingi, kama alama ya mtu aliyejichoma sindano. Nikairudisha.

Usiku ule ule akajua nimeiona, kwa jinsi nilivyoikunja. Hakufoka. Aliniambia, "Bwana hajui na hatajua. Nikipona, nimepona. Lakini sasa hivi nataka cheti changu."

Lazima nieleze cheti, maana vijana wa leo hawajui. Mpishi wa siku zile aliishi kwa karatasi. Bwana akiondoka alikuandikia: huyu ni mwaminifu, halewi, mikate yake inaumuka. Karatasi ile ndiyo iliyokufungulia mlango wa Mzungu mwingine. Bila cheti cha bwana wa mwisho watu walisema alifukuzwa, ameiba vijiko. Mume wangu alikuwa na vyeti vinne ndani ya kopo la biskuti, na hiki cha tano kingekuwa kikubwa kuliko vyote kwa sababu bwana huyu alikuwa mtu wa cheo. Cheti kingeandikwa safari ikiisha.

Basi nikamletea manyoya. Majogoo saba, shingo nzuri kabisa, nimeyachemsha na kuyanyonyoa na kuyaanika juani kwenye ungo. Akayapeleka. Kesho yake akarudi nayo yote kwenye mfuko wa karatasi.

"Yanazama," akasema.

Bwana alikuwa amefunga nzi wanne, akawaweka kwenye beseni la maji barazani, akavuta kiti akae awatazame. Wakazama mmoja mmoja. Akamwita mume wangu aje aone. "Nzi hii nakufa maji," akasema. "Mpishi, kuku hii napika mara mbili?" Mume wangu akalazimika kueleza kwamba mkewe anatumia maji ya moto. Kumbe unyoya una mafuta yake, nao husimama wenyewe. Maji ya moto yanautoa mafuta na kuulegeza, hata ukikauka hausimami tena kama ulivyoumbwa.

Nikaanza kunyonyoa majogoo makavu. Ni kazi ya adhabu. Ngozi inachanika, manyoya yanaruka mpaka kwenye pua, na kuku mmoja anakula muda wa kuku sita. Wenzangu wakaniandama.

"Shoga, maji yamekuishia? Nikukopeshe mate?"

"Mwacheni, anamnyoa jogoo, kesho anampeleka msikitini."

"Haya, na mkia huo umtie wanja."

Nikaendelea na kazi. Safari hii manyoya yakaelea. Bwana akafurahi hata akamtuma mume wangu aniletee uzi wa hariri, kipande cha nta, ndoana ndogo na jiliwa la kufungia mezani, la kubania ndoana, maana vidole vyake mwenyewe vilikuwa vinene. Mimi nilikuwa nashona kofia tangu msichana, na mtu aliyeshona kofia haoni taabu kufunga nzi. Unabana ndoana, unazungusha uzi, unalaza unyoya, unauzungusha ukisimamisha nywele zake, unafunga fundo, unakata. Nilifunga mchana, mlangoni, penye mwanga. Nilifunga zaidi ya mia, kila aina kwa picha ya kitabu, na moyo wangu haukuwamo. Kila nzi niliyemaliza alikuwa hatua moja ya mume wangu kuelekea kwenye maji yale.

Maji yenyewe nilikuwa siyajui. Sisi wa pwani tukisikia mto tunafikiri maji ya uvuguvugu yenye tope. Aliyenifungua macho ni mwenye duka mmoja mtaani kwetu, Mchaga, Mkristo, mtu mpole ila mbahili wa maneno. Alikuwa anauza makabuti ya jeshi yaliyobaki vitani. Nilikwenda na mume wangu kutafuta moja.

"La nini kabuti, kaka, katika joto hili?" akamwuliza.

"Nakwenda kuvua samaki wa Wazungu."

Mwenye duka akaacha kukunja nguo. "Wale wa madoa? Hata kwetu mlimani wapo. Nimewaona Wazungu wamesimama mtoni asubuhi nzima kama korongo."

"Maji yakoje, Mangi?" nikauliza mimi.

"Ya kwetu yanatoka kwenye barafu, mama. Huko kwingine sijui. Lakini samaki yule haishi kwenye maji ya moto. Ukiingia una miguu miwili, ukitoka inabidi uinamie utazame kama bado unayo." Akamtazama mume wangu aliyekuwa anakohoa ndani ya mkono wa kabuti. Akanigeukia tena. "Kabuti halivaliwi majini," akasema. Mengine hakusema. Akatufungia.

Jioni mume wangu akawa anafanya mazoezi. Bwana alimfundisha kurusha mshipi kwenye nyasi za bustani, ili kama goti likimzuia kabisa, mpishi arushe na Bwana atazame. Akaja na ufito wa mwanzi na kamba, akasimama uchochoroni kati ya nyumba yetu na ya fundi cherehani. Mkono unakwenda nyuma mpaka usawa wa saa saba, unangoja, unakuja mbele. Alikuwa na mkono mzuri. Kamba ililala chini bila kishindo.

Fundi cherehani akaacha cherehani yake. "Shemeji, unavua nini hapo? Kambare wa vumbi?"

"Navua fundi," akajibu. "Lakini sioni chambo cha kumtosha."

Watu wakacheka barazani. Akarusha tena, na tena, na mara ya nne mkono ukiwa bado juu kifua kikambana. Akachuchumaa. Akakohoa kama mtu anayetapika, kamba imemzunguka shingoni, na watu wakaacha kucheka kidogo kidogo. Binti yangu akamletea maji kwenye kata. Alipoinuka akasema ni vumbi, akanitazama mimi, nami nikasema, "Ndiyo, mtaa huu una vumbi sana." Nilisema mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Baba yangu alikufa hivyo hivyo. Alilala nyuma ya pazia mwaka mzima, mama yangu akiwaambia watu ni mafua. Nilikuwa na miaka tisa. Baada yake akafuata mdogo wangu aliyekuwa akilala naye. Na sasa binti yangu alikuwa analala katikati yetu kwenye kitanda kimoja.

Nikaenda kwa somo yangu, Gerezani. Kwetu msichana akivunja ungo hupewa somo, mwanamke mzima wa kumfunda, na ukiolewa likikushinda jambo la ndani unakwenda kwake kabla ya mamako. Nikamwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamweleza yote, damu na mito na cheti.

Akasuka ukili wake wa mkeka mpaka ukatimia urefu wa mkono, ndipo akasema, "Mwari wangu, nilikufunda nini siku ya kwanza?"

"La ndani halitoki nje."

"Na la pili?"

"Mume ni nguo ya mke, na mke ni nguo ya mume."

"Sasa unataka kumvua nani?"

"Somo, atakufa huko."

"Pengine. Hata hapa watu wanakufa. Lakini ukimpelekea Mzungu siri ya mumeo, umemwua leo, hai. Mwanamume asiye na kazi wala sitara, utamfanya nini? Utampakata?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Usinifunde mimi methali," akasema. "Nenda kamchemshie mumeo mkaratusi. Msitiri. Na mtoto mlaze chini."

Niliondoka nikiwa na hasira naye, nikiwa na hasira zaidi kwa sababu hakusema uongo. Siku nne nilimtii. Nilichemsha mkaratusi. Nilimlaza mtoto mkekani, na alfajiri nilimkuta amepanda tena kitandani, mdomo wake uko shingoni mwa baba yake.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Sanduku lilikuwa tayari: kabuti, sufuria mbili, chai, viberiti vilivyotiwa kwenye chupa visilowe. Tiketi za treni za kwenda Itigi zimekatwa, na huko lori linangoja liwapandishe milimani. Mume wangu alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alikuwa hajapanda treni maishani. Alinionyesha mito kwa kidole kwenye karatasi aliyonakili kutoka ramani ya Bwana, akaitaja majina asiyoweza kuyatamka sawasawa, majina ya kibara. "Huu mwembamba tutaanza nao," akasema. "Huu una maporomoko. Hapa hakuna aliyevua bado." Alisema tutaanza, kama mtu wa safari yake mwenyewe. Na ukimtazama mashavu yalikuwa yameingia ndani.

Asubuhi ile alitumwa mjini kununua mishumaa na vitu vya makopo. Mimi nikachukua kopo la nzi waliobaki, nikachukua leso moja iliyokuwa haijafuliwa, nikajifunga buibui, nikaenda Upanga kwa miguu.

Bwana alikuwa barazani, anapaka mafuta fimbo yake. Nikampa kopo. Akalifungua akawatoa nzi mmoja mmoja kwenye kiganja, akawapulizia. "Mzuri," akasema. "Mzuri sana. Wewe mke ya mpishi?"

"Ndiyo, Bwana. Bwana, mume wangu hawezi kwenda."

"Kwa nini hawezi?"

"Anakohoa."

"Mimi pia nakohoa." Akatabasamu.

Nikafungua leso. Nikaiweka juu ya meza, kando ya nzi.

Aliitazama. Akasukuma kiti nyuma. Hakupiga kelele, na mpaka leo nashukuru kwa hilo, sina zaidi la kumshukuru. Aliuliza, "Ngapi mwezi?" Nikamwambia. Akatazama ndani kupitia mlangoni, kule jikoni, nami nikaona anahesabu: mikate, supu, vikombe. Akaniuliza, "Yeye najua?"

"Anajua."

"Na wewe najua."

"Ndiyo, Bwana."

Akaingia ndani, nikamsikia ananawa mikono, ananawa tena. Alitoka na barua mbili alizoandika. Moja ya daktari. Ya pili nikadhani ndiyo cheti, nikanyoosha mkono, lakini ilikuwa ya kumwomba Mzungu mwenzake mpishi wa kuazima. Alinituma mimi niipeleke nyumba ya tatu. Nikaipeleka. Ningefanya nini.

Mume wangu aliporudi na kapu la makopo alikuta vyombo vyote vya jikoni viko nje kwenye nyasi, mtumishi wa bustani anavimwagia maji ya moto. Bwana akamweleza yeye mwenyewe, akiwa amesimama mbali, upande wa pili wa gari. Kisha akamfungulia mlango wa nyuma, akateremsha vioo vyote, akampeleka hospitali. Haya nilihadithiwa na yule mtumishi. Mimi nilikuwa nimerudi sokoni, kuku hawangoji.

Walimpokea siku ile ile, wakamhamishia baadaye kwenye wodi za wenye kifua, nje ya mji. Mimi na mtoto tukapimwa, tukaonekana wazima. Siku ya kwanza ya kutazama wagonjwa nikaenda na uji. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa nguo za hospitali, vyeti vinne viko chini ya mto.

"Umenivua nguo," akasema.

"Ungekufa majini."

"Ningekufa mpishi."

Nikamwambia, "Na mtoto angekufa mtoto wa nani?" Uji hakuugusa. Nilikwenda wiki ya pili na ya tatu, na kila mara alimgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili akaongea naye habari za mito: huu mwembamba, huu wa maporomoko. Mgonjwa yule, mtu wa milima ile ile, akawa anamsahihisha majina.

Wiki ya nne alikuja kaka yake mkubwa nyumbani, yuko na mtu mwingine wa makamo. Nikajua nilipoona wawili. Hakukubali kukaa.

"Shemeji," akasema, "nimetumwa. Nisingependa niwe mimi."

"Soma," nikasema.

Akaisoma karatasi. Talaka moja, iliyoandikwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, mashahidi wawili. Nikaipokea kwa mkono wa kulia. Nikawapa maji ya kunywa, wakanywa, wakaondoka. Nilikaa eda yangu katika chumba kile kile, na hakunirejea. Somo yangu alikuja kunitazama mara moja. Hakusema, "Nilikuambia." Alisuka ukili, akala, akaenda zake, na tangu siku hiyo hakunipa tena mwari wa kumsaidia kumfunda.

Bwana alikwenda kwenye mito yake na mpishi wa kuazima. Nzi wangu walikwenda naye. Kama walipata samaki sijui, maana hakuna aliyerudi kunihadithia, na Bwana alipanda meli kurudi kwao mwaka ule ule.

Mume wangu alikaa hospitali mwaka na miezi. Sindano zilikuwa zimekwisha kuingia nchini, na waliowahiwa mapema walipona. Yeye aliwahiwa. Akatoka, akahamia Magomeni kwa kaka yake, akafungua meza ya maandazi, baadaye akaoa. Watu waliniuliza kama najuta. Sijuti. Lakini msidhani asiyejuta analala vizuri. Miaka mingi nilijiuliza kama kulikuwa na njia nyingine ya kulisema, kama ningemwendea kwanza yule Mchaga, au kaka yake, au ningesimama mlangoni nimwambie yeye mwenyewe kwamba ninakwenda. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Nilikwenda nyuma ya mgongo wake, wakati ananunua mishumaa.

Binti nilimpeleka kwa baba yake kila Ijumaa, baada ya daktari kusema hana hatari. Nilimwacha mwisho wa mtaa, nikamtazama mpaka aingie, sikufika mlangoni. Ijumaa ya kwanza aliporudi nilimshika mkono tukatembea mpaka karibu na nyumbani kabla sijamwuliza.

"Anakohoa?"

"Nani?"

"Baba yako."

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Anakula sana. Kala sahani mbili, na ya kwangu akaimalizia."

"Kaniulizia?"

"Hapana."

"Haya," nikasema. "Tembea, jua linazama."